Chyulu, Yatta na Nzambani: Miamba ya Nyakati Tatu na Maji ya Wakaazi

Barabara ya lami inayotoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui inapita juu ya miamba ya nyakati tatu. Upande wa Makueni, inapoanzia, kuna mawe meusi yenye matundu yaliyomwagwa na volkano za Milima ya Chyulu, ambazo mlipuko wao wa mwisho ulitokea karne ya 19. Ikishavuka Mto Athi inapanda bapa la Yatta, lava iliyoganda yapata miaka milioni 13.5 iliyopita. Kutoka hapo hadi Kitui ni mwamba wa kale, uliopikwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Abiria wa matatu huimaliza safari hiyo kwa saa chache, na wengi huona mawe tu.

Lakini mawe hayo ndiyo yanayoamua nani atapata maji na nani atakosa. Chemchemi za Umani, Makindu na Kiboko hutiririka hata mvua ikikosa. Ng'ambo ya Athi, katika Kitui Kusini, familia au shule inaweza kulipia kisima kirefu kichimbwe, halafu kikatoa maji ya chumvi ambayo hata chai haipikiki. Mvua za pande zote mbili ni chache vilevile. Tofauti iko chini ya ardhi.

Chyulu, milima iliyozaliwa juzi

Milima ya Chyulu inaenea kwa takriban kilomita 100 kutoka kaskazini magharibi kuelekea kusini mashariki, na kilele chake kinakaribia mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ubavu wake wa mashariki ni Mbuga ya Kitaifa ya Chyulu, iliyotangazwa mwaka 1983 na ambayo leo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayeitazama kutoka barabara kuu ya Mombasa, kati ya Makindu na Mtito Andei, huona safu ya vilima vya mviringo vilivyopangana kama vichuguu. Kila kimoja ni mdomo wa volkano. Viko mamia.

Vilima hivyo havikutokea kwa wakati mmoja. Wanajiolojia waliopima umri wa mawe yake wamekuta kwamba ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, yapata miaka milioni 1.4, na kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo mawe yanavyozidi kuwa machanga. Moto wa chini ya ardhi ulikuwa ukihama polepole kuelekea kusini. Milipuko ya mwisho, kwenye vilima vya Shetani na Chainu, ilitokea katikati ya karne ya 19, yapata mwaka 1856, wakati misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa tayari ikipita Ukambani. Mmwago wa lava wa Shetani, ulio ndani ya Tsavo Magharibi, bado ni mweusi na umeota mimea michache tu. Inasimuliwa kwamba waliouona moto ule ukitoka ardhini waliamini ni kazi ya shetani, na jina likabaki.

Mwamba wa namna hii haushiki maji juu yake. Vilima vimejengwa kwa majivu na kokoto nyepesi zenye matundu, na lava iliyotiririka kutoka kwao imejaa nyufa. Mahali pengine imeacha mapango marefu: lava iliganda juu kama ukoko wa uji, ile ya moto ikaendelea kukimbia ndani, na ilipokwisha kutoka likabaki bomba tupu. Pango la Leviathan katika Chyulu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, ni mojawapo ya mapango marefu ya aina hiyo duniani.

Kwa hiyo hakuna mto wa kudumu unaoteremka kutoka Chyulu, ingawa vilele vyake hupata mvua na ukungu kuliko nyanda zinazoizunguka. Maji yote huzama. Hupita kwenye majivu na nyufa, hushuka mpaka yakutane na mwamba wa kale ulio chini ya lava, ule ule unaoonekana wazi kule Kitui. Mwamba huo ni mgumu na hauyapitishi kwa urahisi. Hapo maji hugeuka na kufuata mteremko wake gizani, na pale lava inapokomea ndipo yanapotokea nje. Umani ndani ya Msitu wa Kibwezi, Makindu, Kiboko, na upande wa kusini Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, zote ni ncha za safari hiyo moja. Maji ya Mzima yanapelekwa hadi Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, kwa hiyo mkaazi wa Mombasa anayefungua mfereji wake anaweza kuwa anakunywa ukungu wa Chyulu.

Msitu na nyasi za juu ya milima hii zina kazi ambayo haionekani kwa macho. Miti ya vileleni hunasa ukungu na kuudondosha, na mizizi na nyasi huyapunguza maji mwendo ili yazame. Udongo wa juu ya lava ni mwembamba, na moto ukiuunguza au miti ikikatwa, mvua hubeba majivu na udongo na kuziba njia zile zile za maji. Msitu wa Kibwezi wenyewe umeota juu ya lava. Anayekata mti pale kuchoma makaa hakati tu kuni, anagusa mfereji wa jirani yake.

Wakaazi huuliza mara kwa mara kama Chyulu inaweza kulipuka tena. Katika hesabu za jiolojia, mlipuko wa yapata miaka 170 iliyopita ni wa jana, na hakuna mtaalamu anayeweza kuiita milima hii mfu. Hata hivyo, vipindi kati ya mlipuko na mlipuko vinaweza kuwa virefu kuliko maisha ya vizazi vingi, na volkano za aina hii kwa kawaida humwaga lava inayotambaa chini.

Yatta, bonde lililogeuka mlima

Anayefika Athi kutoka Kibwezi huona ng'ambo ukuta mrefu ulionyooka juu kama umekatwa kwa rula. Huo ndio ukingo wa Yatta. Unafuata Mto Athi kwa takriban kilomita 300, kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk hadi ndani ya Tsavo Mashariki, na mahali pengi upana wake ni kilomita chache tu. Husemwa kwamba ni mmwago mrefu kuliko yote duniani. Kwamba ni mmojawapo wa mirefu zaidi, hilo halina ubishi.

Jambo la kushangaza ni umbo lake. Lava ni uji, na uji haupandi juu ya ukuta kutiririka kwenye ukingo mwembamba. Hutafuta bonde. Maelezo ya wanajiolojia ni kwamba miaka milioni 13.5 iliyopita lava ilitoka upande wa juu, karibu na mahali ambapo leo ni Bonde la Ufa, ikaingia kwenye bonde la mto na kulifuata kuelekea baharini hadi ikaganda. Jiwe lake huitwa fonolaiti, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusu sauti, kwa sababu kipande chake kikigongwa hulia kama chuma. Ni gumu kuliko ardhi iliyokuwa kandokando ya bonde lile. Mvua na mito vikaila ardhi ya pembeni mwaka baada ya mwaka, lava ikabaki. Kilichokuwa chini kabisa sasa kiko juu, na Athi inapita miguuni pake.

Umri huo ulipatikana ndani ya jiwe lenyewe. Lava ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka taratibu kuwa gesi iitwayo agoni kwa kasi isiyobadilika. Lava ikiwa bado moto, gesi hutoroka. Ikishaganda, gesi hunaswa. Kupima kiasi cha agoni iliyonaswa ni kama kusoma saa iliyoanza kuhesabu siku jiwe lilipopoa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Potsdam nchini Ujerumani walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2010 walichapisha hesabu zao: lava nzito kama ile isingeweza kusafiri umbali wote ule bila mteremko wa kutosha, kwa hiyo mahali ilipotokea palikuwa tayari pameinuka kufikia mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, Yatta ni ushahidi kwamba nyanda za juu za Kenya zilikuwa zimekwisha kunyanyuka kabla Bonde la Ufa halijachukua sura lililo nayo leo. Wanasayansi wanaochunguza jinsi Afrika Mashariki ilivyopoteza misitu na kuwa nchi ya nyasi huitumia tarehe hiyo, kwani nchi ikiinuka hubadilisha njia za pepo na mvua.

Yatta pia inaonyesha jinsi ardhi inavyoliwa polepole ikiachwa kwa maumbile. Mahali ambapo ukingo unasimama mita 100 juu ya nyanda za pembeni, maana yake ni kwamba mita 100 za ardhi zimeondolewa kwa miaka milioni 13.5. Ni chini ya sentimita moja kwa kila miaka 1,000. Hesabu hiyo ifaa kukumbukwa na yeyote aliyewahi kuona korongo likichimbika shambani kwake kwa misimu miwili ya mvua.

Mwamba wa kale

Ukishaiacha Yatta nyuma, mawe hubadilika. Hayana tena matundu wala weusi wa lava. Ni ya kijivu na waridi, yenye mistari inayopindapinda, na yakiwa mapya yaliyopasuliwa humeta kwa vipande vya ulanga. Jina lake ni naisi. Jiwe la Nzambani nje ya mji wa Kitui, Ivia ya Nzambani kama wenyeji wanavyoliita, ni la ukoo huo, na vivyo hivyo milima ya Mutitu, Endau na Mumoni. Upande wa Makueni, Mbooni, Kilungu na Nzaui ni ndugu zao.

Mistari ile haikuchorwa juu ya ardhi. Mwamba hupata sura hiyo ukiwa umebanwa na kupikwa kilomita 20 au 30 chini, kwenye joto la mamia ya nyuzi, hadi unalainika na kukunjika kama unga wa chapati bila kuyeyuka. Kwa mwamba kushindiliwa kina kile, ni lazima juu yake palikuwa na mlima. Na mlima wenyewe ulikuwa mkubwa. Kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande viwili vya bara viligongana hapa na kuifunga bahari iliyokuwa katikati yao. Mgongano huo ulikunja safu ya milima ambayo wanajiolojia huilinganisha na Himalaya ya leo.

Ushahidi wa bahari ile bado unaonekana. Katika Mutomo na Ikutha kuna mawe mengi ya chokaa na marumaru, ambayo wakaazi wanayajua kwa sababu ya mjadala mrefu wa viwanda vya saruji. Chokaa ya namna hii kwa kawaida huanza kama matope meupe chini ya bahari yenye joto. Iliposhindiliwa pamoja na mawe mengine, ikageuka marumaru.

Mwingereza Arthur Holmes, aliyefanya kazi Msumbiji akiwa kijana mwaka 1911, ndiye aliyeupa ukanda huu wa mawe jina ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo, Ukanda wa Msumbiji, katika andiko lake la mwaka 1951. Ukanda huo unatoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, na mawe yanayofanana nayo yako Madagaska, kusini mwa India na Sri Lanka, kwa sababu nchi hizo zilikuwa zimeshikana kabla ya bahari ya Hindi kufunguka. Joto lile lile lililopika Nzambani ndilo lililozaa tanzanaiti ya Merelani, Tanzania, na vito vya kijani vya Taita.

Milima ile mikubwa imekwisha. Mvua imeisaga kwa mamia ya mamilioni ya miaka mpaka kilichobaki ni mizizi yake, nayo ndiyo Kitui na sehemu kubwa ya Makueni. Nzambani na Nzaui zimebaki zimesimama kwa kuwa mawe yake yalikuwa na nyufa chache, maji yakakosa pa kuingilia. Wazee wana habari nyingine kuhusu Nzambani: anayelizunguka jiwe mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Anayetaka kubaki alivyo basi akomee ya sita. Ngazi za chuma zipo kwa wanaopendelea kupanda.

Mchanga na visima

Mwamba wa kale hauna matundu kama wa Chyulu. Maji hukaa kwenye nyufa tu, na kwenye tabaka jembamba la juu lililolainika. Katika nyanda kavu za Kitui Kusini maji hayo hukaa muda mrefu bila kusukumwa na mvua mpya, yakiyeyusha madini ya mwamba, huku jua likivuta yaliyo karibu na juu na kuacha chumvi. Ndiyo sababu visima viwili vilivyo umbali wa kutembea vinaweza kutofautiana, kimoja kikatoa maji ya kunywa na kingine ya chumvi, au hata kikose kabisa.

Mwamba huo huo, hata hivyo, una zawadi mbili. Ya kwanza ni uso wake mtupu. Mutomo na Ikutha zina miamba mipana isiyo na udongo ambayo wakaazi wameijengea kuta za kukinga maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya hekta moja ya mwamba ni lita 100,000, au mitungi 5,000 ya lita 20. Hata baadhi yake ikipotea njiani, hiyo ni mvua ya alasiri moja.

Zawadi ya pili ni mchanga. Naisi ikioza, sehemu yake laini hugeuka udongo na kuchukuliwa mbali. Kinachobaki ni chembe ngumu za madini meupe yaitwayo kwatzi, kubwa na safi, ndizo zinazojaa kwenye mito ya msimu. Lava ya Chyulu haitoi mchanga kama huo. Ukuta wa zege ukijengwa kukatisha mto juu ya mwamba imara, mchanga hujaa nyuma yake na maji hukaa katikati ya chembe, yamekingwa na jua. Mabwawa ya mchanga ya namna hii yamejengwa kwa mamia katika kaunti hizi mbili, na wageni kutoka nchi nyingine za Afrika huja kujifunza. Hayafai kila mahali. Yanahitaji mwamba wa chini usiovuja na mwamba wa juu unaooza kuwa mchanga mkubwa, na Ukambani ina yote mawili.

Hapo ndipo bei ya lori la mchanga inapopaswa kuhesabiwa upya. Lori la tani 10 hubeba karibu mita 6 za ujazo. Mchanga mkubwa unaweza kuachia maji kiasi cha robo ya ujazo wake, kwa hiyo lori hilo moja huondoka na nafasi ya lita 1,500 hivi, au mitungi 75. Nafasi hiyo ingejazwa tena kila mto unapofurika, katika mvua za vuli na za masika. Mto ukishabaki mwamba mtupu, mafuriko hupita siku ile ile na kesho yake ni vumbi. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 baada ya mito kadhaa kufikia hali hiyo na mapigano kuzuka kati ya vijana wa malori na wakaazi. Mchanga hurudi, lakini hurudi kwa mwendo wa mwamba, ule wa chini ya sentimita moja kwa miaka 1,000, na unaoletwa haraka zaidi ya hapo umetolewa kwenye mashamba ya watu.

Kwa kikundi au taasisi inayopanga kuchimba kisima, jambo la kwanza ni upimaji wa mtaalamu wa maji ya ardhini kabla ya fedha yoyote kulipwa kwa mwenye mtambo. Vipimo vyake hutafuta nyufa zenye maji ndani ya mwamba wa kale, kazi ambayo mwamba wa Chyulu hauhitaji kwa kiasi hicho. Kibali cha kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na mahali ambapo visima vya majirani vimetoa chumvi, mtaalamu aulizwe wazi kama bwawa la mchanga, silanga au ukuta juu ya mwamba hautamfaa mwananchi zaidi kwa fedha zile zile.